Pikapu imeoza kutu: upige puti, uchomelee kiraka au ununue kipande kingine?

Pikapu yangu ni Hilux ya 1994, ile ya injini ya 3L, kazi yake kubeba samaki na barafu toka Bagamoyo kuja Feri, soko la samaki la Dar, na kama umewahi kukaa nyuma ya gari ya samaki kwenye foleni ya Tegeta unajua nazungumzia nini, maji ya chumvi yanachuruzika kutwa nzima, yanaingia kwenye kila mkunjo wa bati, afu usiku gari inalala nje kwenye upepo wa bahari. Mjomba wangu yuko Iringa, ana Hilux ya umri uleule na chini yake bado unaona rangi ya kiwandani. Yangu ukifunga mlango kwa hasira zinadondoka chenga kama ukoko wa sufuria. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyalipia, mengine nimeyalipia mara mbili.

Ukipeleka gari ya hivi gereji kila fundi anasifia kazi yake. Fundi rangi atakwambia hii ni puti tu bosi (ule uji mzito wa kusawazishia bodi, ukikauka unakuwa mgumu), siku mbili unachukua gari. Wa kuchomelea atakwambia puti ni kujidanganya, tukate. Muuza spea yeye atakushangaa, unahangaika na bati bovu la nini wakati milango ipo hapa imening'inia. Na wote watatu wanaweza kuwa sahihi, inategemea wanaongelea sehemu gani ya gari, na hapo ndo watu wengi tunapokosea, tunachagua njia moja kwa gari zima kama vile gari lote ni bati moja.

Mi siku hizi kabla ya kuuliza bei nauliza kwanza hili bati linabeba nini. Madigadi ya mbele halibebi kitu, limefungwa kwa bolti, kazi yake kuzuia matope na kupendezesha. Sakafu ya dereva inakubeba wewe na kiti. Ile sehemu ya chini ya mlango unayokanyaga ukipanda inashikilia kebini isijikunje. Nguzo za kioo cha mbele zinashika paa. Chesisi inabeba kila kitu. Ukishajua hivyo nusu ya uamuzi umeisha.

Tafuta sumaku kwanza

Spika mbovu ya redio ina sumaku nzuri tu nyuma yake. Ifunge na kitambaa isikwaruze rangi, pita nayo taratibu kwenye madigadi, chini ya milango, kona za nyuma za kebini. Ikishika vizuri hapo kuna chuma, ikiteleza na kudondoka hapo kuna puti nene, yaani kuna mtu alishapita kabla yako. Afu lala chini ya gari na bisibisi bapa, gonga na kusukuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinalia kama debe lenye mchanga au bisibisi inazama kabisa. Usiogope kutoboa, kama imetoboka kwa bisibisi ilikuwa imeshatoboka tayari, ulikuwa unaonyeshwa rangi tu.

Na ujiandae kisaikolojia, maana chuma kikigeuka kutu kinavimba, kinachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko kilivyokuwa, ndo maana rangi inainuka vipele. Kipele cha ukubwa wa sarafu ukikikwangua chini yake unakuta kidonda cha ukubwa wa kiganja. Bajeti yako ipigie hesabu kiganja.

Puti na fiba

Nianze na hii kwa sababu ndo niliyoanza nayo na ndo inayowavutia wengi, bei rahisi, gari inarudi haraka, inang'aa. Mwaka wa kwanza kuinunua nililipa laki na ishirini kwa madigadi mawili ya nyuma pamoja na rangi, nikaona nimepata. Kama miezi nane hivi mbele, natoka Bagamoyo na mzigo, nikapiga tuta pale Mapinga ambalo sikuliona, nikasikia kitu kimepasuka nyuma. Nashuka nakuta kipande cha madigadi kiko barabarani, kinene kama mkate wa mofa, na kwa ndani kimejazwa wavu wa dirisha na gazeti. Gazeti! Ukurasa wa michezo, habari ya Simba na Yanga, bado linasomeka vizuri ila matokeo yenyewe yamekatwa palepale. Nilicheka mwenyewe barabarani, afu nikaacha kucheka nilipoangalia tundu.

Tatizo halikuwa puti. Puti ni kitu kizuri kikitumika kwa kazi yake, kusawazisha bonde dogo juu ya chuma kizima kilichosafishwa mpaka kikang'aa, unene wa milimita 3 hivi inatosha. Yenyewe inanyonya maji. Ukiipaka juu ya kutu umeweka sponji juu ya kidonda na kukifunga plasta, kutu inaendelea kula kwa raha zake gizani. Na ukiziba tundu bila kupaka chochote kwa nyuma, maji ya tairi yanaingia kwa nyuma hukohuko.

Kuna vitu viwili vya kumwangalia fundi hata kama humjui. Cha kwanza hadina, ile dawa ya kukaushia, kwa gramu 100 za puti inahitajika kama gramu 2 tu, na kwa joto la Dar inakauka ndani ya dakika chache, sasa kuna fundi mwenye haraka anakamua nusu tubu ili iwahi kukauka, matokeo yake inakuwa ngumu kama kigae, inapasuka, na kuna wakati hadina iliyozidi inapenya mpaka juu ya rangi inaacha madoa. Cha pili msasa wa maji. Puti isuguliwe kavu. Ukimuona anamwagia maji puti ikiwa wazi ujue anainywesha, na maji hayo yatatafuta chuma.

Fiba, ile ya nyuzi na resini, ni afadhali kuliko puti tupu, haipitishi maji kirahisi hivyo na inaweza kuvuka tundu bila gazeti. Ila haishikani na kutu wala na rangi mbovu, na chuma kinatanuka juani na kusinyaa usiku tofauti na fiba, kwa hiyo taratibu kingo zinaachia. Kwa madigadi la mbele lenye tundu dogo, kwa gari unayotaka ikusogeze mwaka au miaka miwili, mi naikubali bila aibu. Kwenye sakafu au chini ya mlango hapana, hata wakikufanyia bure.

Kiraka cha kuchomelea

Hapa fundi anakata bati bovu lote mpaka afike chuma kizima, anakunja bati jipya lifanane na shepu, anachomelea. Ni kazi ya siku na ni kazi ya mkono kweli, utofauti kati ya fundi na fundi hapa ni mkubwa kuliko kwenye puti, maana puti inaficha na moto hauwezi kuficha.

Bati la bodi ya gari kama hizi lina unene wa karibu milimita 0.8. Fundi anayechomelea mageti kwa mashine ya vijiti anakizoea chuma kinene, akigusa bati la kebini anatoboa, akiziba tundu anatoboa lingine pembeni, mwisho unapata mstari wa matone ya chuma kama nta ya mshumaa. Sisemi haiwezekani, nimeona mzee mmoja maeneo ya Gerezani, Dar, anaichezea na vijiti vyembamba utadhani anashona nguo, lakini wa hivyo ni wachache. Gesi ya oksijeni na asetilini inafanya kazi safi na imefanya bodi za magari miaka mingi, shida yake joto linasambaa sana, bati pana kama la mlango linapiga mawimbi na unarudi kwenye puti kuyaficha. Mashine ya waya, ile mafundi wanaiita CO2, ndo bora kwa kazi hii, joto lake ni dogo na fundi anapiga doti doti, moja huku moja kule, anasubiri lipoe, hakimbizi mstari mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Ukienda gereji ukakuta wana CO2 na fundi anapiga doti huku anapiga stori, muachie gari.

Uliza bati analotumia. Bati jeusi la geji 20 linafaa, geji 18 kwa sakafu (geji ikiwa namba ndogo bati ni nene zaidi). Nimeshaona kiraka cha bati la kuezekea nyumba, geji 28, ambalo ni kama nusu ya unene wa bati la gari, kwa hiyo utachomelea kitu kitakachooza kabla ya kile ulichokata. Na bati hilo lina zinki, likipigwa moto unatoka moshi mweupe, fundi akiuvuta usiku anashikwa na homa na kutetemeka utasema malaria, inaisha siku ya pili. Wanasema anywe maziwa. Maziwa yanaenda tumboni ndugu yangu, moshi ulienda kwenye mapafu.

Halafu vitu vidogo ambavyo hakuna anayekukumbusha: chomoa waya wa betri kabla hajagusa mashine, vinginevyo unaweza kuunguza altaneta. Kazi ikiwa karibu na tenki la mafuta, tenki lishuke kabisa, kufunika na gunia bichi ni kucheza na maisha ya mtu.

Kosa kubwa la viraka liko kwa nyuma. Moto umeunguza rangi yote ya upande wa ndani, upande ambao humuoni mtu akiupaka, na kiraka chenyewe kikiwa kimepandishwa juu ya bati la zamani kinaacha mwanya mwembamba ambao maji yanapenda kulala. Miaka miwili baadaye kutu inatokea kwenye mzunguko wa kiraka, bati jipya liko zima katikati kama kisiwa. Kwa hiyo mlipe fundi zaidi kidogo apake praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) kwa ndani pale anapofika, azibe mwanya kwa silanti, na pale asipofika mpulizie mafuta mazito kupitia vitobo vya kutolea maji. Vitobo hivyo vya chini ya mlango asivizibe! Mlango wangu wa kulia uliozeshwa na fundi rangi aliyeviziba kwa puti ili chini pawe pasafi, maji yanayoshuka kwenye kioo yakawa yanakaa humo ndani kama kwenye kata.

Kununua kipande cha mtumba

Mlango, boneti, madigadi ya mbele, vyote hivi vinafungwa na kufunguliwa kwa bolti, hapa mi sioni sababu ya kukaa wiki unachomelea. Kiraka cha mlango kikifanywa vizuri, ukijumlisha bati, fundi, puti ya kusawazisha na rangi, kinaweza kuikaribia kabisa bei ya mlango mzima, na ule mzima una mkunjo wake wa kiwandani ambao hakuna mkono wa fundi unaoufikia.

Ila nenda na macho. Mlango umetoka Japani haimaanishi mzima, kule kwenye theluji wanamwaga chumvi barabarani, magari ya huko yanaoza kwa chini vilevile kama yetu ya pwani. Geuza mlango, angalia mkunjo wa chini kabisa, pitisha kidole, ukisikia umevimba rudisha. Sumaku yako usiisahau nyumbani maana mtumba nao unapigwa puti. Na usidhani mlango wa mbele wa kebini moja na wa pikapu ya milango minne vinaingiliana, nenda na vipimo au nenda na gari yenyewe.

Vipo na vipya vya kuiga, wanaita za Taiwani. Bati lake mara nyingi ni jepesi na matundu ya bolti hayakai sawa, fundi anaanza kuvuta na nyundo. Kwa madigadi ya mbele mi nimeshafunga na sijajuta, kwa mlango ningechukua mtumba.

Kinachobaki ni rangi, kipande kitakuja na rangi yake na hiyo hesabu wauza spea hawakutajii.

Bodi ya nyuma

Hili ndo eneo ambalo watu wanachoma hela bure. Kwenye pikapu kama Hilux bodi ya nyuma iko peke yake, haijaungana na kebini, imekaa juu ya chesisi kwa bolti. Maana yake sio lazima uitibu, unaweza kuitoa. Mimi nilichomelea sakafu ya bodi mara mbili, mara ya tatu nikaketi na fundi tukahesabu, tukaona hela ya viraka vitatu inatosha kutengeneza bodi mpya ya fremu ya chuma, sakafu ya cheka pleti, lile bati nene lenye vinundu, na mbavu za kufungua pande tatu. Kwa biashara yangu imekuwa nafuu mno, makreti yanashushwa kutoka ubavuni, na tumeacha mwanya wa maji kushuka badala ya kulala. Kuna wanaoweka mbao ngumu, mkongo kwa mfano, mbao haina kutu na ikioza unabadilisha moja tu, ila bolti zinazoishika ndo zinakuwa ugonjwa mpya na harufu ya samaki haitoki ng'o.

Kama gari yako ni ya familia au unataka kuiuza kama ilivyo, hapo bodi ya mtumba yenye shepu yake inapendeza zaidi. Bodi ya kutengeneza inaishusha sura, tukubali.

Wakati bodi imetoka usikimbilie kufunga nyingine. Hapo ndo siku pekee utaiona chesisi juu, chukua brashi ya waya na ndoo ya maji ya baridi, yaani yasiyo na chumvi, osha kila kitu.

Chesisi

Hapa ulinganisho unakuwa mfupi. Kutu ya juujuu, kwangua, paka dawa ya kutu, ile yenye asidi ya fosforiki inayogeuza kutu kuwa nyeusi, afu epoksi na rangi. Tundu au ganda linalotoka vipande vipande, hakuna puti, hakuna fiba, na kiraka cha bati la geji 20 ni utani. Hapo panahitaji pleti ya unene uleule wa chesisi na fundi ambaye kazi yake ni chesisi za malori, na kama ubovu uko kwenye mashikio ya springi au pale sanduku la usukani linapofungwa, mi ningeuza vipuri nikaachana nayo. Kubadilisha chesisi nzima inawezekana, ila namba imepigwa kwenye chuma chenyewe na ndo hiyohiyo iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ni kazi ya mamlaka kabla ya kuwa kazi ya gereji.

Na usione ni shida ya magari yetu machovu tu. Marekani mwaka 2016 Toyota walikubali kumaliza kesi ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zinaoza, hesabu iliyotajwa ilifika hadi dola bilioni 3.4, na suluhisho kwa zilizooza sana lilikuwa kubadilisha chesisi. Waliozitengeneza wenyewe hawakusema tupige kiraka.

Rangi na oili chafu

Kwa rangi sina mengi. Praima ya kijivu ya kawaida inapitisha unyevu, ukiendesha miezi mitatu na praima tupu kwa sababu hela ya rangi imeisha, kutu imeanza upya chini yake. Kama hela haitoshi, fanya kipande kimoja mpaka rangi ya mwisho, kingine mwezi ujao. 2K, ile rangi ya kuchanganya na hadina, inadumu kuliko zile za thina za kukauka haraka, ila hadina yake ina sumu ya mapafu, kitambaa usoni hakitoshi.

Oili chafu ya injini chini ya gari inasaidia kwa muda, inafukuza maji, na ni bure. Inaharibu raba za bushi, inadondoka kwenye sakafu ya watu na inashika vumbi. Lami ya kupaka chini inaonekana safi zaidi lakini ikipasuka mahali pamoja inafungia maji ndani na huoni kitu mpaka imeoza. Mi nimeishia na grisi iliyoyeyushwa na mafuta safi kidogo, napulizia kwenye mifereji na ndani ya milango kabla ya masika, na kila jioni nikirudi Feri naosha na maji ya baridi, hata kama nimechoka.

Yangu ilivyokaa leo

Sakafu ya dereva na chini ya milango yote miwili vimekatwa na kuchomelewa kwa CO2, huu mwaka wa nne vinashika sumaku. Madigadi la mbele kushoto lina fiba, linajulikana, siku likiachia nitanunua lingine. Nyuma ni bodi ya cheka pleti. Mlango wa kulia nilinunua mtumba, mzima kabisa, mkunjo wa chini hauna hata doa, bei nzuri, tatizo lake moja tu ni kwamba ulikuwa mwekundu na gari ni nyeupe. Nikasema nitapaka mwezi ujao. Sasa pale Feri wabeba mizigo wakiiona inaingia wanapiga kelele Simba hao, Simba hao, na mimi ni Yanga toka nazaliwa, kwa hiyo hiyo rangi naona itapatikana kabla ya msimu kuanza.